Naoshima na Teshima kwa boti: anza na boti ya mwisho

Mimi mtu wa Wete, Pemba. Kwetu safari ya kisiwani haianzi na kile unachokwenda kukiona, inaanza na boti. Inaondoka lini, inarudi lini, na ikikuacha utalala kwa nani. Ndiyo maana hushangaa kidogo ninapoulizwa habari za visiwa vya sanaa vya Japani. Mtu ananitumia picha ya boga la manjano lenye madoa meusi, limekaa peke yake kwenye ncha ya gati, bahari nyuma yake, halafu anaandika: "Dada, hapa nafikaje?" Namjibu: boga liache kwanza, nipe tarehe zako.

Boga hilo liko Naoshima, kisiwa kimoja katika Bahari ya Ndani ya Seto. Ni bahari iliyozungukwa na visiwa vikubwa vya Honshu, Shikoku na Kyushu, na ndani yake mna visiwa vidogo kama 700. Vinavyotajwa zaidi kwa sanaa ni vitatu: Naoshima, Teshima na Inujima. Naoshima ndiyo kubwa kwa watu, na wenyewe ni kama 3,000 tu. Teshima hawafiki 1,000. Inujima, ukikuta watu 50 siku isiyo na wageni, ujue kuna harusi. Hakuna uwanja wa ndege wala daraja la kuvifikia. Utakwenda kwa maji na utarudi kwa maji.

Ninaishi Kobe, huu mwaka wa nne, na nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu na nikakosea karibu kila kitu. Mara ya pili nilikwenda na wifi yangu (mtu, si intaneti) aliyekuja kututembelea kutoka Maskati. Ya tatu ndiyo nilikwenda kama mtu mwenye akili zake. Haya ninayoandika yametoka zaidi katika zile mbili za mwanzo.

Kalenda kabla ya tiketi

Ile mara ya kwanza nilichagua Jumanne kwa sababu Jumanne sikuwa na darasa. Nikashuka Teshima, nikakodi baiskeli pale bandarini Ieura, nikapanda kilima jasho linanitoka ingawa ilikuwa baridi, nikafika kwenye makumbusho niliyoiota miezi miwili. Kimya. Kibao kimesimama njiani: leo tumefunga. Hakuna aliyenificha. Imeandikwa kila mahali kwamba Teshima hufunga Jumanne, ni mimi tu sikusoma.

Basi ishike hivi. Naoshima, makumbusho makubwa hufungwa Jumatatu. Teshima hufungwa Jumanne, na miezi ya baridi huongeza siku nyingine za katikati ya wiki. Inujima nayo mara nyingi hufunga katikati ya wiki. Jumatatu ikiangukia sikukuu ya taifa, mambo hupinduka: hufungua Jumatatu hiyo na kufunga kesho yake, na Wajapani wana sikukuu kadhaa walizozipanga makusudi ziangukie Jumatatu. Tena boti ndogo zinazokwenda kisiwa kwa kisiwa huyafuata makumbusho: siku yakifungwa, na safari nazo hupunguzwa. Ukikosea siku umekosa vyote viwili.

Kila baada ya miaka 3 kuna tamasha kubwa la sanaa, Setouchi Triennale, lililoanza 2010. La karibuni lilikuwa 2025. Hufanyika kwa vipindi, machipuko, kiangazi na vuli, na hueneza kazi kwenye visiwa zaidi ya kumi. Kazi nyingine huonekana wakati huo tu. Lakini foleni za boti wakati huo, astaghfirullahi. Kama ni mara yako ya kwanza na hupendi kusukumana, njoo mwaka usio na tamasha. Makumbusho makubwa yako pale pale.

Ile Jumanne yangu haikupotea yote. Bibi mmoja alinikuta nimekaa ukingoni mwa barabara nikitafuna mkate, akanitilia chenza tatu mkononi, akaninyooshea kidole upande wa magharibi na kusema neno moja nililolijua: taka. Nyumbani usiku nikasoma. Teshima kwa maandishi yao ni "kisiwa cha neema", kina chemchemi na makonde ya mpunga ya ngazi ngazi yanayoteremka hadi baharini. Na kwenye ncha ile ya magharibi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni moja ilikuwa ikimwaga taka za viwandani kinyume cha sheria, mpaka polisi walipoivamia mwaka 1990. Wanakijiji, wengi wao wazee, wakaidai haki yao miaka kumi. Mwaka 2000 wakapatana na mkoa wa Kagawa, na gavana akawaomba radhi. Taka zile, pamoja na udongo ulioharibika zaidi ya tani 900,000, zikapakiwa melini kuanzia 2003 na kupelekwa Naoshima kuyeyushwa. Shehena zilimalizika 2017. Kwa nini Naoshima? Kwa sababu upande wake wa kaskazini kuna kiwanda cha kuyeyusha shaba tangu 1917, na moshi wake zamani uliwahi kukausha miti ya kisiwa hicho na vya jirani. Wageni wengi hawauoni upande ule. Boti inayotoka Uno hukuonyesha kidogo ukikaa upande wa kushoto, na mimi hukaa kushoto.

Boti ya mwisho

Sasa lile jambo lenyewe. Chukua karatasi, andika juu kabisa saa ya boti ya mwisho ya kukutoa kisiwani, halafu panga siku yako kurudi nyuma mpaka asubuhi. Wengi hufanya kinyume: wanaanza na boti ya kwanza, wanajaza makumbusho, wakifika jioni wanagundua kwamba ya kuwarudisha ilishaondoka.

Naoshima ina bandari mbili za abiria. Miyanoura iko magharibi, ndiyo kubwa, na Honmura iko mashariki, ndogo. Kutoka Miyanoura unaweza kwenda pande mbili. Kaskazini ni Uno, bandari ya mkoa wa Okayama, dakika kama 20 kwa meli kubwa inayobeba magari. Kusini ni Takamatsu, mji mkuu wa Kagawa, dakika 50 kwa meli hiyo, au chini kidogo ya nusu saa kwa boti ya kasi ambayo bei yake ni zaidi ya mara mbili. Nilipokwenda, Uno ilikuwa yen 300 na Takamatsu yen 520. Tazama bei mpya kabla hujatoka.

Pande hizi mbili hazilingani. Kwenda Uno boti zipo mpaka usiku. Kwenda Takamatsu, meli ya mwisho niliyoikuta ilikuwa inaondoka saa 11 kamili jioni. Kwa hiyo aliyelala Takamatsu anafukuzwa kisiwani mapema, na aliyelala upande wa Okayama ana muda wa kula. Jambo dogo hilo ndilo linaloamua hoteli uichukue wapi.

Teshima ni kali zaidi. Boti zinazoiunganisha na Naoshima kwa siku unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ni ndogo, za abiria tu, hazina nafasi ya kuwekewa mapema kwa mtu mmoja mmoja, na zikijaa zimejaa. Mwenye kamba anafunga, nyie mliobaki mnatazamana. Nenda gatini nusu saa kabla, wakati wa tamasha saa nzima. Usikodi baiskeli ya kurudisha dakika tano kabla ya boti, maana kijana wa dukani ataikagua, atakurudishia karatasi yako kwa mikono miwili na atakuinamia, na boti haimsubiri akimaliza kuinama.

Halafu kuna suala letu la saa. Ratiba zimeandikwa kwa saa 24. Sisi tukiona 17:00 tunaisoma saa kumi na moja, hilo tumelizoea. Hatari ni mnapokuwa wawili na kila mmoja ana saa yake. Nilikuwa Honmura na wifi, asubuhi. Yeye alitaka kwenda kulitazama boga, mimi nilitaka kuzunguka kijijini. Nikamwambia tukutane gatini saa tano, tupande ya Teshima. Ikafika saa tano, watu wanapanda, wifi hayupo. Nikampigia.

"Wifi, uko wapi? Boti inapakia!"

"Mbona wanihangaisha, wifi yangu? Si tumeagana saa tano? Sasa hivi ndiyo kwanza saa kumi na moja."

Wifi kazaliwa Maskati, saa yake ni ya kule. Alikuwa na uhakika tumeagana alasiri. Boti ikaondoka mimi nimesimama na tiketi mbili mkononi, na Teshima siku hiyo hatukwenda. Tangu hapo nyumbani kwetu saa za safari tunaziandika kwa tarakimu kama zilivyo kwenye ratiba, hata tukiwa tunaandikiana Kiswahili.

Njia ya kufika

Ukitoka Tokyo, treni ya kasi mpaka Okayama ni saa 3 na dakika kidogo. Ukitoka Osaka haifiki saa nzima. Okayama unachukua treni ya kawaida ya kwenda Uno, na mara nyingi unashuka Chayamachi ubadilishe. Hapo usilale. Stesheni ya Uno na bandari zimetazamana, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Wa Takamatsu hupanda treni nyingine pale pale Okayama, inayovuka Daraja Kuu la Seto, na karibu na stesheni ya Takamatsu ndipo gati zilipo.

Daraja lile lilifunguliwa 1988, na sababu yake mojawapo ni msiba. Zamani treni zilivushwa kwa meli kati ya Uno na Takamatsu. Tarehe 11 Mei 1955, kwenye ukungu, meli moja iitwayo Shiun Maru iligongana na mwenziwe, wakafa watu 168, wengi wanafunzi waliokuwa kwenye safari ya shule. Baada ya hapo madai ya daraja hayakunyamaza. Njia ile ya Uno na Takamatsu moja kwa moja ilisimamishwa mwishoni mwa 2019, kwa hiyo ukikuta maelekezo ya zamani yanayokutuma kuipanda, yatupe. Nilipokuwa nikisoma habari za Shiun Maru nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo. Mtu wa Pemba aliyekuwa hai Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander ikija kwetu, hahitaji kuelezwa.

Lakini mimi siendi kwa treni. Kobe kuna meli kubwa ya usiku ya kwenda Takamatsu. Inang'oa nanga kama saa 7 usiku na kufika alfajiri, kwa bei ambayo treni ya kasi haiikaribii. Chini kuna magari, juu kuna ukumbi wa zulia ambao unavua viatu na kujilaza popote, kila mtu na mfuko wake chini ya kichwa. Nilipoingia mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu ni meli ya Pemba kabisa, limekosekana jogoo tu. Chukua shuka nyepesi na kitu cha kufunika macho, taa hazizimwi zote. Meli mpya ina mpaka sehemu ya kuchovya miguu kwenye maji moto huku ukitazama bahari. Alfajiri unapita chini ya taa za visiwa, unaswali, unashuka Takamatsu, na kuna boti za mapema za kwenda kote, Naoshima na Teshima.

Aliyeko Afrika Mashariki ajue viza ya Japani inaombwa ubalozini kabla ya safari, na wanataka ratiba ya siku kwa siku. Kazi hii ya boti ya mwisho itakusaidia hapo pia, ratiba yako itasomeka kama ya mtu anayejua anakokwenda.

Tiketi za makumbusho

Ukishajua siku na boti, ndiyo sasa ununue tiketi za ndani. Mbili lazima uziwekee mapema kwenye intaneti kwa saa maalumu: Makumbusho ya Chichu kule Naoshima na Makumbusho ya Sanaa ya Teshima. Vuli na wikiendi hujaa. Chichu ni zaidi ya yen 2,000, Teshima pungufu kidogo, na watoto wa miaka 15 kushuka chini huingia bure. Acha angalau saa moja na nusu kati ya boti kufika na saa ya tiketi yako. Kuna basi la kusubiri na kilima, na utasimama njiani kupiga picha, usiniambie hutasimama.

Chichu maana yake ni "ndani ya ardhi", na ndivyo ilivyo. Msanifu majengo Tadao Ando aliizika kilimani mwaka 2004 ili isiharibu mandhari. Mna wasanii watatu tu, Claude Monet, Walter De Maria na James Turrell. Chumba cha Monet kina picha 5 za mayungiyungi, sakafu ya vipande vidogo vya marumaru nyeupe kama 700,000, na taa hakuna: mwanga ni wa jua unaoshuka kutoka juu. Wingu likipita, picha inabadilika mbele yako. Kwa hiyo usichukue saa ya mwisho ya siku ya baridi. Mimi hupenda asubuhi ya katikati. Unavua viatu, basi vaa soksi zisizokuaibisha. Simu inabaki mfukoni.

Teshima, sijui niielezeje. Ryue Nishizawa alijenga na Rei Naito akaweka kazi yake, 2010. Ni ganda moja la zege, mita 40 kwa 60, halina nguzo hata moja, na juu lina matundu mawili makubwa yasiyo na kioo. Walirundika kichuguu cha udongo, wakamimina zege juu yake, lilipokauka wakauchota udongo wote. Ndani hamna kitu. Sakafuni yanatoka matone ya maji, madogo, yanatembea, yanakutana, yanakuwa kidimbwi. Ndege wanasikika, upepo unaingia. Hakuna kusema na hakuna kupiga picha. Wifi, ambaye anaongea hata usingizini, safari yetu ya kesho yake alikaa sakafuni dakika 40 hakufungua mdomo. Alipotoka aliniambia tu, "Ni kama kisimani kwa bibi." Na kweli, nilijua kisima anachokisema.

Nyumba za sanaa za kijiji cha Honmura hazitaki maandalizi makubwa, isipokuwa Minamidera ambayo wanakupangia zamu, na nyumba moja ndogo ya kuwekea nafasi. Ni nyumba za zamani zilizoachwa, mradi ulianza 1998, wasanii wakapewa moja moja. Nyumba ya kwanza, Kadoya, ina dimbwi giza lenye namba zinazohesabu majini, 125, na kila namba mwendo wake ulipangwa na mkazi mmoja wa kisiwa. Mdogo wao alikuwa na miaka 5, mkubwa 95. Minamidera unaingizwa gizani kabisa, unashika ukuta, unakaa, unasubiri macho yazoee. Usikimbilie kutoka. Ng'ang'ana, kitakuja.

Mwaka 2025 yalifunguliwa makumbusho mengine mapya, kazi ya Ando, karibu na hapo Honmura. Mazuri, ila ukiwa na siku moja tu usilazimishe yote.

Kisiwani kwenyewe

Sarafu. Nasema tena, sarafu na noti za yen elfu elfu. Kadi ya treni uliyozoea kuigusisha mjini usiitegemee kwenye boti ndogo, mikahawa ya wazee na kodi za baiskeli. Basi la mji wa Naoshima nilipokwenda lilikuwa yen 100 popote uendapo, basi dogo, hujaa. Begi kubwa liache kwenye kabati za kukodi bandarini au stesheni, au tangu Takamatsu. Kuburuta begi la magurudumu kwenye kilima cha Teshima ni mateso ya kujitakia.

Baiskeli chukua ya umeme, Teshima hasa. Naoshima kuna eneo la kusini la hoteli na makumbusho ambalo baiskeli haziruhusiwi kuingia. Unaiacha, unapanda basi lao la bure au unatembea. Boga la manjano la msanii Yayoi Kusama liko kwenye gati ya zamani ya upande huo, tangu 1994. Agosti 2021 tufani ililing'oa ikalitupa baharini, likapasuka, na Oktoba 2022 wakaliweka jipya. Jekundu, unaloweza kuingia ndani yake, liko Miyanoura karibu na gati, kwa hiyo hilo ni la kupigia picha ukisubiri boti. Usilipangie muda wake.

Chakula ndicho kilichonisumbua zaidi. Mikahawa ni michache, hufunga mapema, na Jumatatu mingi haipo kabisa. Teshima hakuna duka la usiku na mchana la kukuokoa. Kwa Muislamu, supu ya tambi nene za Kagawa kwa kawaida ni ya dagaa wakavu, ila sosi ya soya na viungo vyao vingine mara nyingi huwa na kileo, na kuuliza kwa ishara hakukufikishi mbali. Mie hupita maduka ya halali yaliyo karibu na msikiti wa Kobe, ule wa 1935, wa kwanza Japani, nikanunua nyama, nikakaanga sambusa na chapati za siku mbili. Juu yake naongeza wali wa kubandikwa kwenye mwani wenye samaki salmoni, na matunda ya pale pale. Mabanda ya matunda hayana muuzaji: unachukua, unatia sarafu kwenye kopo. Kibla ni magharibi ukielekea kaskazini kidogo, na hakuna atakayekushangaa ukiswali kwenye majani pembeni ya bahari. Hamamu ya Miyanoura iliyopambwa kama sanduku la vito huogwa uchi, wanaume kwao na wanawake kwao. Mimi na wifi tuliitazama kwa nje.

Kulala, lala Naoshima usiku mmoja kama mfuko unaruhusu. Boti za wageni wa siku zikiondoka jioni, Honmura inabaki na paka na redio za wazee. Nyumba za wageni za godoro la sakafuni zipo na bei zake si mbaya, ila uliza chakula cha jioni siku unapoweka nafasi. Ukiuliza ukishafika umechelewa.

Hali ya hewa: bahari ile ni tulivu, si ya Mkondo wa Pemba, wenye kichefuchefu msiogope. Kinachosimamisha boti ni tufani za Agosti na Septemba, na ukungu wa machipuko. Siku ya tufani wanakata safari mapema kabla hata upepo haujafika, kwa hiyo usiweke ndege yako ya kurudi nyumbani kesho yake ya kisiwani. Wiki ya sikukuu mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei ikwepe, na katikati ya Agosti vilevile.

Mpango ninaoutumia sasa ni huu. Jumatano usiku napanda meli Kobe. Alhamisi alfajiri Takamatsu, boti ya asubuhi ya Teshima, baiskeli, makumbusho saa zile za mwanzo, halafu nateremka Karato hadi ufukweni kwenye nyumba ya sanaa ya Christian Boltanski yenye kumbukumbu za mapigo ya mioyo ya watu wa dunia nzima. Unasikiliza ya wengine gizani, balbu inawaka na kuzima kwa mapigo, na ukilipa wanakurekodi na wewe. Alasiri boti ya kwenda Naoshima, nalala Honmura. Ijumaa Chichu asubuhi, nyumba za kijiji mchana, jioni boti ya Uno, treni. Miezi ya baridi mpango huu haufai, Alhamisi Teshima inaweza kuwa imefungwa. Inujima naiacha kwa safari nyingine. Ina magofu ya kiwanda cha shaba cha 1909 kilichofanya kazi miaka kumi tu, kinastahili siku yake.

Wifi alijirekodi pale Karato. Aliporudi Maskati akamhadithia mama mkwe wangu kwamba moyo wake uko Japani umewekwa kwenye maktaba, na bibi mzima hajalala, anataka na wake uwekwe. Juzi kanipigia kuuliza lini nina nafasi. Nimemwambia, mama, siku yoyote mwanzoni mwa Aprili, isiwe Jumatatu wala Jumanne. Na saa, mwambie wifi akuandikie kwa tarakimu.